Vitu Usivyovijua Chini ya Boneti ya Gari Ulilonunua

Wakulima wengi siku hizi hununua gari kubwa lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, nao hulinunua likiwa limekwisha kutumiwa na watu wengine. Si ajabu. Gari jipya la namna hiyo bei yake ni bei ya shamba, na barabara zetu wakati wa masika hazimhurumii mwenye gari dogo. Basi fedha za maziwa, za viazi au za chai huwekwa pamoja mwaka baada ya mwaka, gari linaletwa nyumbani, majirani wanakuja kulitazama, na wageni wakiisha kwenda zao mwenye gari anafungua boneti. Hapo furaha hupungua kidogo. Mbele yake iko mipira inayopita kila upande, vikopo vyenye vifuniko vya rangi mbalimbali, vitu vya mviringo ambavyo hakupata kuviona katika gari lake la zamani, na vibandiko vyenye maandishi ya Kijapani.

Mara nyingi humwita fundi wa karibu. Fundi anatazama, anakuna kichwa, kisha anasema neno ambalo limewatia wakulima wengi hasarani: "Hiki hakina kazi, tukitoe."

Usikubali haraka. Hapana lazima uwe fundi ili ujue kitu ni cha kazi gani. Yafaa ujue namna ya kukifuata tu. Ili maneno yasiwe ya hewani, tutachukua gari moja ambalo liko tele katika nchi yetu, yaani Toyota Land Cruiser Prado la dizeli la zamani, lile linaloitwa KZJ95, lililotengenezwa tangu mwaka 1996 hadi mwaka 2002. Magari hayo sasa yamepita mkononi mwa watu wengi, na kila mtu ameacha alama yake chini ya boneti. Kama gari lako ni la namna nyingine, mengi ya haya yatakufaa vile vile.

KABLA HUJAGUSA KITU

Chagua asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Gari lisimame mahali tambarare, na ufunguo uwe mfukoni mwako, si mikononi mwa watoto. Kama kuna vumbi na matope, yaondoe kwa brashi na kitambaa. Usiipige injini maji ya nguvu kwa mashine ya kuoshea magari, maana maji hayo huingia katika viungo vya waya, na gari lililokuja nyumbani likiwa zima hushindwa kuwaka kesho yake. Halafu piga picha kwa simu yako, kutoka mbele, kutoka kushoto na kutoka kulia. Picha hizo zitakuwa shahidi wako. Fundi akiisha kufungua na kufunga, utaweza kuona kama kila mpira umerudi mahali pake.

Sasa tafuta kibao cha chuma kilichobanwa ukutani nyuma ya injini, au mahali mlango unapofungia. Kibao hicho kinataja namna ya gari na namna ya injini. Katika gari letu la mfano utakuta herufi 1KZ. Injini hiyo kwa jina kamili huitwa 1KZ-TE, yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita 2,982. Herufi T maana yake ina tabo, na E maana yake pampu yake ya dizeli huongozwa kwa umeme. Andika herufi hizo katika daftari, kwa sababu ukienda dukani kununua chujio au mkanda, mwenye duka atakuuliza injini, wala si rangi ya gari.

Tafuta pia namba ya injini iliyogongwa katika chuma chake, uilinganishe na ile iliyo katika logbook. Zikiwa mbalimbali, injini imebadilishwa na mabadiliko hayo hayakuandikishwa NTSA kama inavyotakiwa. Ni heri kujua jambo hilo kabla fedha hazijatoka mkononi mwako kuliko kulijua siku askari anapokusimamisha.

Ama yale maandishi ya Kijapani, usiyadharau kwa kuwa huyasomi. Mara nyingi ndiyo onyo lenyewe: usifungue ikiwa moto, au tia mafuta ya namna fulani tu. Simu nyingi za siku hizi zaweza kutafsiri maandishi ukiyaelekezea kamera. Tafsiri yake si nzuri sana, lakini yatosha kukujulisha kama kifuniko ni cha maji au cha mafuta.

FUATA MPIRA MPAKA MWISHO WAKE

Hii ndiyo njia kubwa. Kitu usichokijua usikitazame chenyewe kwanza. Tazama kinafungwa na nini. Mpira mnene wenye maji ukiufuata utakupeleka kwenye rejeta, kwenye injini, au kwenye ukuta unaotenga injini na viti, ambako maji hupita kwenda kupasha joto chumba cha abiria. Mabomba ya aluminiamu yanayong'aa, moja nene na jingine jembamba, ni ya kupoza hewa ndani ya gari. Hayo usiyalegeze kamwe, kwa sababu yana gesi iliyosongwa sana, nayo ikikurukia huunguza ngozi kwa baridi. Mabomba membamba ya chuma yanayotoka katika pampu kwenda kwenye silinda ni ya dizeli. Bomba nene lenye mikunjo kama ya kinanda cha kuvuta ni la hewa. Vijipira vyembamba kama mrija wa soda ni vya kunyonya hewa, na hivyo tutavirudia.

Mwandishi wa makala haya aliponunua gari lake la namna hii aliona mbele ya injini kitu kinachozungushwa kwa mkanda, kinachofanana kabisa na kompresa ya kupoza hewa. Lakini kompresa yenyewe ilikuwa pale, ikionekana. Basi hii ya pili ilikuwa ya nini? Fundi mmoja alisema ni kompresa ya viti vya nyuma. Wa pili alisema ni pampu iliyoharibika, na kwamba likinunuliwa fupi la mkanda na kitu hicho kikatupwa, dizeli itapungua. Alikuwa amekwisha kushika spana.

Tulifuata mipira. Haikuwa ya aluminiamu, ilikuwa ya mpira mweusi, minene, na iliingia katika njia ya maji yaendayo kupasha joto chumba cha abiria. Kompresa ya kupoza hewa haina kazi na maji ya moto. Kumbe gari lile lilitengenezwa kwa ajili ya sehemu za baridi kali za Japani, na kitu kile ni kipasha maji. Ndani yake mna mafuta mazito ya silikoni na kisahani kinachozunguka. Kisahani kikiyakoroga mafuta hayo, mafuta hupata moto na kuyapasha maji, ili mwenye gari asigande kabla injini haijapata joto. Chafanya kazi tu ukibonyeza kitufe chake katika dashibodi. Kwetu hapa hakuna haja nacho, ila labda Limuru mwezi wa Julai, lakini kikikaa kimya hakimdhuru mtu. Tulikiacha.

Lakini sikiliza lililofuata. Wakati sisi watu wazima watatu tulipokuwa tukibishana juu ya kile kitu kikubwa, hapana aliyeona kijipira kimoja kidogo, kisichozidi unene wa kidole, kilichotoka katika shingo ya rejeta na kuning'inia bila kufungwa mahali. Kilitakiwa kiingie katika chupa ya plastiki iliyo kando. Kila siku gari lilipopanda mlima, maji yalipata moto, yakatanuka, yakatoka kwa kijipira hicho na kumwagika barabarani. Injini ilipopoa ilitaka kuvuta maji yake yarudi kutoka katika chupa, nayo ikavuta hewa. Chupa ilikuwa imejaa maji sikuzote, nasi tukitazama chupa tukasema maji yapo. Ndani ya rejeta yalikuwa yakipungua kila asubuhi.

Injini ya 1KZ-TE ina kichwa cha silinda cha aluminiamu, na mafundi wote wanaoijua watakuambia kwamba kichwa hicho hakivumilii kukosa maji. Kikipata moto kupita kiasi hupasuka katikati ya valvu, na kichwa kingine ni fedha ambazo zingenunua ng'ombe wa maziwa. Kijipira kilichokaribia kutuletea hasara hiyo tulikirudisha mahali pake kwa kibanio cha bei ya soda.

Basi ufunguapo boneti ya gari lako, usivutwe na kitu kikubwa cha ajabu peke yake. Tafuta pia ncha iliyo wazi. Kila kijipira kina mwanzo na mwisho, na kila tundu lenye shingo lilikuwa na mpira wake. Shingo iliyozibwa kwa skrubu au kwa kipande cha mti ina habari ya kukueleza.

VIKOPO NA VIFUNIKO VYAKE

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa la hapa laweza kuua. Chini ya boneti ya gari la namna hii mna vikopo vinne au vitano vya plastiki, na kwa mtu asiyezoea vyote vyafanana.

Tafuta kwanza pipa jeusi la mviringo, pana kama sinia, lililobanwa ukutani upande wa dereva. Hilo ni la kuongeza nguvu za mguu wako ukanyagapo breki. Mbele yake kuna kikopo kilichokaa juu ya chuma: hicho ndicho cha mafuta ya breki. Kama gari lako ni la gia za mkono, karibu yake utaona kikopo kingine kidogo zaidi, cha klachi. Juu ya kifuniko cha breki mara nyingi pameandikwa DOT 3. Mafuta hayo si oili. Mtu akitia humo oili ya injini, au mafuta ya stering, hata kijiko kimoja tu, mipira iliyo ndani ya breki huvimba na kulainika. Siku ya kwanza hutaona neno. Siku ya tatu au ya kumi, ukiteremka bondeni na watoto wa shule au magunia nyuma, mguu utazama mpaka chini wala gari lisisimame. Ikiwa umegundua kwamba kosa hilo limefanyika, usilijaribu gari hata mpaka lango la shamba. Mwite fundi aje, afungue, asafishe mabomba yote na kubadili mipira yote.

Usinunue mafuta ya breki yaliyofunguliwa na kuachwa katika rafu. Mafuta hayo huvuta unyevu wa hewa, na yakiwa na maji ndani yake huchemka upesi breki zinapopata moto mteremkoni. Tena yakidondoka juu ya rangi ya gari huila.

Kikopo cha stering hutambulikana kwa sababu kina mipira miwili, mmoja unaotoka kwenda kwenye pampu na mmoja unaorudi. Chupa ya rejeta ni ile yenye kijipira kimoja tulichokieleza, na maji yake huwa na rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani. Rangi hiyo ni ya dawa ya kuzuia kutu, basi usiongeze maji ya kisima mwaka mzima mpaka rangi itoweke. Chupa ya mwisho ni ya kuoshea kioo, yenye kifuniko chepesi kilichochorwa kioo na marashi ya maji. Chukua kalamu ya wino usiofutika uandike kwa Kiswahili juu ya kila kikopo: BREKI, KLACHI, STERING, MAJI, KIOO. Usione haya. Mtu atakayekusaidia siku wewe haupo atakushukuru.

Neno moja juu ya kifuniko cha rejeta chenyewe. Watu hudhani ni kizibo tu. Kina springi ndani, na kazi yake ni kuyafungia maji yasichemke upesi. Tunaoishi juu tunakihitaji zaidi kuliko watu wa pwani. Mombasa maji ya sufuriani huchemka yakifika joto la digrii 100, lakini Nyahururu, penye urefu wa mita 2,360 kutoka usawa wa bahari, yachemka karibu na digrii 92. Springi ikichoka, injini yako itachemsha maji mapema mlimani hata kama rejeta ni safi. Kifuniko kipya si ghali. Kinunue chenye namba ile ile iliyoandikwa juu ya kile cha kwanza, wala usikifungue injini ikiwa moto, kwa haraka yo yote uliyo nayo.

VITU VINAVYODHANIWA VIBOVU AU VISIVYO NA KAZI

Shika feni kubwa nyuma ya rejeta, injini ikiwa baridi na imezimwa, uizungushe kwa mkono. Itazunguka kwa uzito kidogo, kama iliyo ndani ya asali. Wengine wakiona hivyo husema imelegea, wakaifunga kwa bolti izunguke sikuzote na injini. Huko ni kuharibu. Feni hiyo imetengenezwa makusudi iteleze wakati wa baridi na kushika wakati wa joto, kwa sababu ya mafuta ya silikoni yaliyo katikati yake. Ikifungwa moja kwa moja hula nguvu na dizeli bure. Ni mbovu ikiwa yazunguka kwa wepesi mno, kama pangaboi, hasa injini ikiisha kupata moto na kuzimwa.

Kitu cha pili ni themostati, iliyofichwa katika kikombe cha chuma mahali mpira mnene wa maji unapoingia katika injini. Hutaiona bila kufungua. Ni mlango mdogo unaojifungua wenyewe maji yakipata joto. Kuna desturi ya kuitoa na kuitupa, kwa madai kwamba nchi yetu ni ya joto. Muulize aliyekuuzia kama bado imo. Katika injini nyingi za Toyota mlango huo una kazi mbili: ukifungua njia ya rejeta, huziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiutoa, njia ya mkato hubaki wazi, sehemu ya maji haipiti katika rejeta kabisa, na gari ulilotaka lipoe lachemka mlimani. Asubuhi nalo huchelewa kupata joto na kunywa dizeli zaidi.

Tabo ni konokono la chuma lililofungwa penye bomba la moshi. Upande mmoja moshi unalizungusha, upande wa pili linasukuma hewa katika silinda. Katika baadhi ya magari haya utaona juu ya injini kitu kama rejeta ndogo iliyolala, isiyo na maji, na boneti ina tundu la kuingizia upepo juu yake. Hiyo hupoza hewa iliyopata moto kwa kusongwa na tabo. Ukikuta mafuta kidogo tu ndani ya mabomba yake usishtuke. Ukikuta vumbi ndani yake, hapo shtuka, kwa maana vumbi limepita chujio, na vumbi la barabara za mashamba hula visu vya tabo kama msasa. Kagua sanduku la chujio la hewa, uone kama vibanio vyake vyote vipo na kama bomba lenye mikunjo halina ufa upande wa chini, mahali jicho halifiki, pitisha vidole.

Vile vijipira vyembamba vya kunyonya hewa huenda kwenye vivalvu vidogo vyenye waya mbili mbili. Vingine huongoza moshi kidogo urudi katika injini ili hewa isichafuliwe, vingine huongoza hewa iingiayo. Joto huvikausha mpaka vikavunjika kama mkate mkavu. Vibadili kimoja kimoja, kitoe cha zamani na ukitie kipya kabla hujagusa kingine. Usivitoe vyote pamoja ukadhani utakumbuka.

Hutaona plagi za moto, kwa sababu dizeli haina haja nazo. Utaona ukanda mwembamba wa chuma unaounganisha vichwa 4 vya hita. Hizo huota moto unapogeuza ufunguo, na ndiyo sababu ya ile taa ya njano yenye alama ya waya uliojikunja. Ingoja izimike kabla ya kuwasha.

CHUJIO LA DIZELI NA PIPA LA GHALANI

Hili lawahusu wakulima kuliko watu wa mjini. Tafuta chujio lenye kichwa cha chuma na kitufe kikubwa juu yake ambacho chaweza kubonyezwa kwa kiganja. Watu wengi hawajui ni cha nini. Ni pampu ya mkono ya kuondoa hewa katika mabomba ukiisha kubadili chujio. Chini ya chujio kuna waya mmoja na kizibo cha kuzungusha. Waya ule huona maji yaliyozama chini ya dizeli, na kuwasha taa katika dashibodi.

Mkulima aliye na trekta huweka dizeli katika pipa ghalani. Usiku wa baridi ukungu huganda ndani ya pipa lisilojaa na kuwa maji, nayo hukaa chini. Trekta la kizamani laweza kuyavumilia kidogo. Pampu ya gari hili haiwezi, kwa sababu hulainishwa na dizeli yenyewe, na maji hayalainishi kitu. Taa ikiwaka, weka bakuli chini, legeza kizibo mizunguko michache, bonyeza pampu ya mkono mpaka itoke dizeli safi, kisha funga. Kazi yote ni ya dakika kumi. Na katika pipa, acha dizeli itulie siku nzima kabla ya kuteka, uteke kutoka juu, usiinamishe pipa ili kupata galoni la mwisho.

MKANDA USIOONEKANA, BETRI MBILI, NA WAYA ZA WENGINE

Mikanda unayoiona mbele ni ya alteneta, pampu ya maji na nyinginezo. Uko mwingine uliofunikwa kwa kifuniko, unaozifungua na kuzifunga valvu kwa wakati wake. Katika magari ya dizeli ya Toyota yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, taa iliyoandikwa T-BELT huwaka gari likitimiza kilomita 100,000 ili ubadilishwe. Ukikatika barabarani, valvu zaweza kugongana na pistoni. Baadhi ya wauzaji huizima taa hiyo bila kubadili mkanda. Kama muuzaji hana karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa.

Betri mbili ni za magari ya sehemu za baridi. Mara nyingi zafanya kazi pamoja kwa volti 12, lakini yapo magari ya dizeli yanayowashwa kwa volti 24. Kabla ya kuazimana umeme na gari la jirani, hakikisha lako ni la namna gani, kwa kusoma maandishi ya stata au kumwuliza fundi wa umeme mwenye kipimo.

Waya za kiwandani hupita ndani ya ala nyeusi, zimebanwa vizuri, na viungo vyake ni vya plastiki vinavyolia "tik" vikifungwa. Waya iliyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe imewekwa na mtu baadaye. Yaweza kuwa ya honi ya wezi, ya taa za ukungu, au ya kifaa cha kulifuatilia gari mahali liliko. Hicho cha mwisho ni jambo kubwa. Wakopeshaji hukiweka katika magari waliyoyatolea fedha, na gari laweza kuuzwa kwako huku deni likiwa bado halijalipwa. Kabla ya kulipa, omba habari za gari katika eCitizen kwa namba yake, uone logbook ina jina la nani, na kama benki au mkopeshaji ameandikwa pamoja naye. Ukigundua kifaa hicho baada ya kununua, usikikate. Uliza kwanza ni cha nani. Sumaku iliyofungwa juu ya bomba la dizeli, ambayo mtu alimwuzia mwenye gari wa kwanza kwa kumwahidi kupunguza mafuta, hiyo waweza kuitoa leo.

KIFUNIKO CHA BULUU

Tumalizie na magari mapya zaidi, kwa kuwa yameanza kufika. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8, kwa hiyo Prado za dizeli zinazoshuka Mombasa siku hizi ni zile zenye injini ya 1GD, iliyoanza kutumiwa katika Prado mwaka 2015. Magari hayo ya kutoka Japani yana tangi dogo la pekee lenye kifuniko cha buluu. Katika magari mengine kifuniko hicho kiko chini ya boneti, katika mengine kiko karibu na kifuniko cha dizeli. Humo hutiwa maji yaitwayo AdBlue, ya kusafisha moshi. Yakikwisha, gari hukuonya, na usipoyaongeza halitawaka tena ukiisha kulizima.

Mkulima akisoma kopo lake ataona neno analolijua: urea. Ni kweli, ni urea sehemu 32.5 katika kila 100, na iliyobaki ni maji yaliyosafishwa kabisa. Lakini usichukue urea ya mbolea ukaikoroga kwa maji ya mvua. Urea ya shamba ina takataka nyingine ndani yake na chembe zake hupakwa dawa zisishikane, na vitu hivyo huziba kipuliza na kuharibu mtambo wa moshi ambao bei yake ni kubwa. Wala usiyatie maji hayo katika tangi la dizeli. Likitokea kosa hilo usiwashe gari, hata ufunguo usiugeuze. Tangi lifunguliwe na kukaushwa kwanza. Nunua kopo ambalo muhuri wake haujavunjwa, liweke ndani ya nyumba mbali na jua, na uandike juu yake kwa rangi SI LA SHAMBA, ili kijana anayepulizia mahindi asije akalimimina katika bomba lake la mgongoni.